Marufuku ya asbesto haimfikii mtu mwenye msumeno

Machi 2024 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, lilipiga marufuku krisotili, aina pekee ya asbesto iliyokuwa bado ikiingizwa nchini humo. Katikati ya 2025 shirika hilohilo likaieleza mahakama kwamba linataka kuitazama upya kanuni hiyo, na wiki chache baadaye likageuka tena na kusema kanuni inabaki. Walioshangilia tangazo la kwanza na walioomboleza kigeugeu kilichofuata walikubaliana katika jambo moja bila kujua: kwamba marufuku ikiwepo asbesto imekwisha, na ikitenguliwa asbesto imerudi. Siamini hivyo. Marufuku huzuia asbesto mpya isiingie. Watu watakaougua katika miaka thelathini ijayo, wengi wao, wataugua kwa sababu ya asbesto ya zamani ambayo kanuni hiyo haikuigusa: iliyoko juu ya mapaa, ndani ya kuta na dari, kwenye mabomba na matangi, na ile iliyokwisha kuingia vifuani mwao. Kinachoamua idadi ya vifo kuanzia sasa ni nani anayekata, kuvunja na kufagia, na anafanya hivyo kwa namna gani. Sheria inayomtazama muuzaji peke yake inamtazama mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Kanuni yenyewe ukiisoma ni finyu kuliko sifa zake. Asbesto ghafi iliyokuwa ikiingia Marekani ilitumiwa na viwanda vinane vya kutengeneza klorini, na baadhi yake vimepewa hadi miaka 12 kubadili mitambo. Zinazobaki ni bidhaa chache, kama sehemu fulani za breki na gasketi za viwandani. Novemba 2024 EPA ilitoa tathmini nyingine kuhusu asbesto iliyokwisha kujengewa kwenye majengo, ikasema kwamba inahatarisha afya kupita kiasi pale inapoguswa na kuvurugwa. Tathmini hiyo ndiyo iliyobeba habari nzito zaidi, lakini nadhani wasomaji wake walikuwa wachache.

Asbesto ni jina la jumla la madini sita yanayopasuka kwa urefu na kuwa nyuzi badala ya punje. Krisotili, inayoitwa asbesto nyeupe, ndiyo iliyotumika zaidi duniani. Nyingine mbili zilizopata soko kubwa ni krokidoliti, ya buluu, na amosaiti, ya kahawia. Viwanda viliipenda kwa sababu haiungui, haiozi, haivunjwi na kemikali nyingi, na ilipatikana kwa bei nafuu. Sifa hizohizo ndizo zinazoifanya iwe adui ya mapafu. Unyuzi mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho hupita puani na kooni, ukashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa pafu. Seli za ulinzi huja kuumeza kama zinavyomeza uchafu mwingine, lakini unyuzi mrefu hauenei ndani ya seli moja. Seli hufa ikijaribu, hutema kemikali zake, nyingine huja mahali pake, na uvimbe huo mdogo hujirudia kwa miaka. Mwishowe panabaki kovu, au seli zilizoharibika vinasaba na kuanza kukua ovyo. Wakati haya yakiendelea mtu hasikii harufu, hakohoi, wala hahisi mwasho wowote, na kwa hiyo hana sababu ya kuacha kazi.

Magonjwa yanayotokea si mamoja, na kuyachanganya ndiko kunakozaa nusu ya mabishano. Asbestosisi ni makovu yanayosambaa kwenye mapafu mpaka mtu anashindwa kupumua vizuri. Kwa kawaida humpata aliyevuta vumbi jingi kwa miaka mingi, yaani mchimbaji, mfanyakazi wa kiwandani au fundi wa kufunika mabomba ya mvuke. Saratani ya mapafu huongezeka kadiri dozi inavyoongezeka, na tumbaku huizidisha vibaya. Utafiti wa mafundi wa Marekani uliochapishwa 1979 na Cuyler Hammond, Irving Selikoff na Herbert Seidman ulionyesha kwamba asbesto pekee ilipandisha hatari ya kufa kwa saratani hiyo karibu mara 5, sigara pekee karibu mara 10, na vyote viwili pamoja zaidi ya mara 50. Mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ina tabia nyingine kabisa. Haihusiani na sigara, inaweza kumpata mtu aliyevuta kiasi kidogo, na hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa chini yake mtu yuko salama kabisa. Magonjwa yote matatu hukawia: mesotelioma huweza kuchukua miaka 20 hadi 50 tangu siku ya vumbi mpaka siku ya maumivu ya kifua. Kwa hiyo anayesema “nyuzi chache haziui” na anayesema “unyuzi mmoja unaua” kila mmoja ana kipande cha ukweli. Wa kwanza anazungumzia asbestosisi bila kujua. Wa pili anachukua ugonjwa usio na kiwango cha usalama na kuufanya ugonjwa wa uhakika. Kukosekana kwa kiwango salama maana yake ni kwamba kila dozi inaongeza hatari, ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa.

Ni kosa kudhani kwamba elimu hii ni mpya. Mwaka 1924 daktari William Cooke alieleza kwenye jarida la kitabibu la Uingereza kifo cha Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto cha Rochdale aliyefariki akiwa na miaka 33. Ripoti ya serikali ya huko ya 1930, ya Merewether na Price, ilithibitisha kwamba vumbi la viwanda hivyo linaharibu mapafu, na kanuni za kulidhibiti zikatoka 1931. Mwaka 1955 Richard Doll alionyesha uhusiano na saratani ya mapafu. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walichapisha visa 33 vya mesotelioma kutoka Afrika Kusini, karibu vyote vikihusishwa na eneo la machimbo ya krokidoliti huko Cape. Sehemu ya wagonjwa wale hawakuwa wachimbaji hata kidogo. Walikuwa wameishi jirani, wengine utotoni tu. Miaka mitano baadaye utafiti wa London ukawakuta, miongoni mwa wagonjwa wa mesotelioma, wake waliofua nguo za kazi za waume zao. Na bado uzalishaji wa dunia uliendelea kupanda mpaka ukafikia kilele cha tani karibu milioni 4.8 mwaka 1977. Leo ni kama robo ya hiyo, Russia ikiongoza, lakini haijafika sifuri.

Uingereza inafaa kuwa kipimo kwa sababu ilitumia nyingi, ikapiga marufuku mapema kiasi, na inahesabu vifo kwa makini. Asbesto ya buluu na ya kahawia zilipigwa marufuku 1985, nyeupe 1999. Zaidi ya robo karne baada ya marufuku kamili, mesotelioma peke yake bado inaua zaidi ya watu 2,000 huko kila mwaka. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni waliokuwemo ndani ya hesabu hiyo. Wimbi la kwanza lilikuwa la wafanyakazi wa viwanda na wa kufunika mabomba. Mawimbi yaliyofuata yakawa ya mafundi wa ujenzi, watu ambao hawakuwahi kujiita wafanyakazi wa asbesto. Utafiti ulioongozwa na Julian Peto, uliotolewa 2009, ulikadiria kwamba maseremala wa Uingereza waliozaliwa miaka ya 1940, waliofanya kazi hiyo zaidi ya miaka 10 kabla ya kutimiza 30, mmoja kati ya 17 angekufa kwa mesotelioma. Kwa mafundi bomba, mafundi umeme na wapaka rangi ilikuwa kama mmoja kati ya 50. Seremala alikata bodi za asbesto kwa msumeno wa umeme katika chumba kisicho na dirisha wazi, akafagia vumbi, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemwambia jina la bodi ile.

Mbele ya ushahidi huo, kundi moja linadai asbesto yote ing'olewe mara moja. Hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Alimradi ipo, siku moja kuna mtu ataitoboa: kumbukumbu za majengo hupotea, wamiliki hubadilika, moto huzuka, dhoruba hurusha paa. Mwaka 2022 kamati ya Bunge la Uingereza ilipendekeza iwekwe tarehe ya mwisho ya miaka 40 ya kuiondoa kwenye majengo yasiyo ya makazi, na serikali ikakataa. Nadhani kamati ilikuwa sahihi katika mwelekeo, na sahihi zaidi katika jambo ambalo wanaoinukuu hulisahau: ilisema miaka 40. Ilitaka kazi ianzie pale palipo na hatari zaidi na iende kwa mpango. Paa la saruji na asbesto huwa na nyuzi kama asilimia 10 hadi 15 zilizoshikwa na saruji. Likiwa zima hutoa nyuzi chache sana. Likipigwa nyundo na kutupwa chini likiwa kavu, huachilia kwa asubuhi moja vumbi ambalo lingeweza kukaa limefungwa kwa miaka, na waliosimama chini yake ni vibarua na majirani. Kampeni ya kung'oa haraka, isiyo na mafunzo wala dampo maalumu, humchukua mtu aliyekuwa na hatari ndogo ya kuishi chini ya paa na kumzalia hatari kubwa ya kulibomoa. Na vipande havipotei. Visipopata pa kuzikwa hurudi kama uzio, kama banda la mifugo, kama kifusi cha kujazia barabara ambacho magari yatakisaga upya.

Kundi la pili husema asbesto iliyopo isiguswe kabisa, na hapo mimi niko nao nusu njia. Ni kweli kwamba kitu kizima, kilichopakwa rangi, kisichofikiwa na mikono, mara nyingi ni afadhali kibaki kwa sasa. Lakini ushauri huo una sharti ambalo husemwa haraka halafu husahauliwa: mtu awe anajua kiko wapi, awe amekiandika, na awe anarudi kukikagua. Saruji huliwa na mvua na jua, na uso wake hulegea. Asbesto iliyopulizwa kwenye dari na nguzo, au iliyofungwa kuzunguka bomba la mvuke, ni laini, ina nyuzi nyingi mno ukilinganisha na bati la saruji, na hubomoka kwa kuguswa tu. Kuiweka katika kapu moja na paa zima ni uzembe. Kuiacha bila daftari ni kumtegea fundi atakayekuja miaka kumi baadaye kupitisha waya.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo yenye fedha nyingi nyuma yake, ni ile ya wazalishaji: kwamba krisotili ni salama ikitumiwa kwa udhibiti. Tuitendee haki kwanza. Nyuzi za krisotili hupindika na huondoka mapafuni haraka kuliko za krokidoliti na amosaiti, ambazo ni ngumu na zilizonyooka. Uchambuzi wa Hodgson na Darnton wa mwaka 2000 ulikadiria hatari ya mesotelioma kwa uwiano wa 1 kwa krisotili, 100 kwa amosaiti na 500 kwa krokidoliti. Tofauti hiyo ni ya kweli, na anayeificha anajidhoofisha mwenyewe. Lakini moja si sifuri. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka aina zote sita katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo za asbesto cha Charleston, Marekani, kilichotumia krisotili karibu peke yake, walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango kilichopita cha kawaida kwa mbali. Zaidi ya hapo, neno “udhibiti” linaeleza kiwanda chenye feni za kunyonya vumbi na mkaguzi mlangoni. Halielezi bati la asbesto lililotoka kiwandani humo miaka ishirini baadaye, likiwa juu ya ngazi mikononi mwa kibarua mwenye grainda. Udhibiti wa muuzaji hukoma kwenye lango la kiwanda, na bidhaa huishi miongo mingi nje ya lango hilo.

Tena kuna Mkataba wa Rotterdam, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya kemikali hatari. Wengi hudhani kwamba kuorodheshwa humo ni kupigwa marufuku. Sivyo. Kitu kikiorodheshwa, nchi inayouza inapaswa kuijulisha nchi inayonunua kuhusu madhara yake, na mnunuzi aamue kwa hiari kukubali au kukataa. Wataalamu wa mkataba huo wamependekeza krisotili iorodheshwe, na tangu 2006 nchi chache zimekuwa zikizuia mkutano baada ya mkutano, kwa kuwa maamuzi hayo hupitishwa kwa maafikiano ya wote. Mkutano wa Geneva wa 2025 nao uliisha vilevile. Kama wauzaji wanaamini kweli kwamba wanunuzi wanaweza kuidhibiti, sioni kwa nini wanaogopa mnunuzi asomewe maelezo kabla ya kununua.

Inabaki ile hoja ya mtaani, ambayo siidharau kwa sababu inatokana na macho ya watu: “Tumeishi chini ya mapaa haya miaka hamsini, nani amekufa?” Kwa aliyeishi tu, bila kukata wala kusugua, jibu laweza kuwa kweli hakufa mtu. Lakini swali linamwuliza mtu asiye sahihi. Aulizwe aliyeliezeka na aliyelitoboa. Halafu ujue nani anahesabu. Mesotelioma huthibitishwa kwa kipande cha nyama kinachopimwa maabara kwa vipimo maalumu, na palipo na uhaba wa wataalamu hao, maji yaliyojaa kwenye kifua cha mzee wa miaka 65 huitwa kifua kikuu au huzikwa bila jina. Hospitali isiyouliza “ulifanya kazi gani ukiwa kijana?” haitaikuta asbesto hata ikiwa imejaa wodini. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya 200,000 kwa mwaka kutokana na asbesto ya kazini, na sioni sababu ya kuamini kwamba nchi zenye takwimu tupu ndizo zilizonusurika.

Hatari ikiwa inamfuata mwenye kifaa, kinga nayo lazima imfuate. Mengi yake si ya gharama. Bati linalowanishwa na kufunguliwa misumari likiwa zima, likashushwa kwa mikono badala ya kutupwa, hutoa sehemu ndogo ya vumbi la bati lililopasuliwa. Msumeno wa umeme, grainda na mashine ya kuosha kwa presha havina nafasi hapo. Ufagio mkavu nao hauna. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi, inayotakiwa ni ya daraja la P3, la juu la kuchuja vumbi, inayokaza usoni. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Maziwa, ambayo vibarua wengi huambiwa yanasafisha vumbi, na ambayo Warusi walifika mahali pa kuyagawa kisheria kwa wafanyakazi wa mazingira hatari, huenda tumboni. Mapafuni hayafiki. Na kwa aliyekwisha kuvuta vumbi hilo, kukimbilia eksirei wiki inayofuata hakutaonyesha kitu. Kitakachomsaidia zaidi ni kuacha sigara, na kumwambia kila daktari atakayemwona maishani historia ya kazi yake.

Lakini fundi mmoja mmoja hawezi kujilinda na kitu asichojua kwamba kipo. Ndiyo maana naona mahali pa kuibana asbesto ya zamani ni kwenye kibali cha kubomoa na kukarabati. Jengo lililosimama kabla ya marufuku ya nchi husika lisipewe kibali mpaka lipimwe, na gharama ya kupima na kuzika taka iwe ya mwenye jengo. Ikiachwa kwa mkandarasi, itamshukia kibarua kwa njia ya bei ya chini. Wenye majengo watalalamika kwamba hiyo itasukuma ubomoaji ufanyike usiku bila kibali, na hawajakosea. Dampo la karibu linalopokea taka hizo kwa bei nafuu au bure litapunguza kishawishi hicho kuliko faini, ambayo mara nyingi humpata aliyeshika nyundo.

Umoja wa Ulaya, ambao ulipiga marufuku asbesto yote tangu 2005, umelielewa hili kwa kuchelewa. Agizo lake la 2023 limeshusha kikomo cha nyuzi katika hewa ya kazini mara kumi, kutoka 0.1 hadi 0.01 kwa sentimita ya ujazo, na nchi wanachama zilipewa mpaka Desemba 2025 kulitekeleza. Marufuku imetimiza miaka ishirini na bado wanakaza sheria, maana wanajua mapaa ya zamani yatakarabatiwa kwa maelfu ili kuokoa nishati. Sheria zao pia zinataka rekodi za wafanyakazi walioguswa na asbesto zitunzwe angalau miaka 40 baada ya kazi hiyo kwisha. Muda huo umepangwa kulingana na ugonjwa. Muda wa kushtaki haukuwa hivyo: nchini Italia, mwaka 2014, mahakama ya juu ilifuta hukumu ya jinai dhidi ya Stephan Schmidheiny, tajiri wa Uswisi, katika kesi ya viwanda vya Eternit vya saruji na asbesto, kwa hoja kwamba muda wa kushtaki ulikuwa umepita, ilhali wagonjwa wapya wa Casale Monferrato, mji uliokuwa na kiwanda kimojawapo, walikuwa bado wanagunduliwa. Kibarua anayelipwa taslimu jioni kwa kushusha paa, bila jina lake kuandikwa popote, ataugua labda mwaka 2060. Daktari atakapomwuliza alifanyia nani kazi hiyo, daftari la majina ya walioshusha paa hilo ndilo litakalotakiwa, na uamuzi wa kulifungua unafanywa sasa na wanaoandika masharti ya vibali.